Masaa Kumi na Saba Hadi kwa Kaka

Jumatano, Julai. Ukungu na baridi.

Leo mji umeamka umefunikwa. Mpaka saa nne asubuhi nilikuwa sioni paa la nyumba ya jirani, na vidole vyangu bado vina ganzi ninapoandika. Watu wa pwani wakija kwetu mwezi huu hudhani tunawatania tukiwaambia wabebe sweta. Wabebe.

Sijaenda kazini. Nimemwomba mwenzangu anishikie ofisi, nikamwambia naumwa kichwa. Kichwa hakiumi. Kinachouma sijui nikiite nini, na ndiyo sababu nimekaa hapa kwenye intaneti kafe ya jirani na soko, nikiomba umeme usikatike kabla sijamaliza.

Blogu hii inasomwa na watu wachache, na wengi wao siwajui. Kwa hiyo nitasema yote, ila majina nimebadilisha. Kaka yangu nitamwita Otmari. Mwenyewe akipita hapa atajijua.

Jumapili nimeharibu kitu nyumbani kwetu, kwa kujibu swali tu.

Niseme kwanza kazi yangu, maana nayo ina mkono wake. Nakata tiketi za basi pale stendi. Nilipokuwa mdogo mabasi yalikuwa ya kuhesabu, na mtu akienda Dar ukoo mzima ulitoka kumuaga. Siku hizi biashara imefunguliwa, kila mwenye uwezo wa kuleta basi analeta, na kila basi lina kibanda chake cha bati chenye rangi za kugombana na cha jirani. Mimi niko ndani ya kimojawapo. Swali ninaloulizwa kutwa ni lile lile: masaa mangapi hadi Dar? Nimezoea mno, mtu akifungua kinywa tu, mdomo wangu unajibu kabla kichwa hakijafika. Naongeza "Mungu akipenda" kwa ajili ya mlima Kitonga na matairi, lakini saa lazima niitaje. Abiria asiyetajiwa saa anahamia kibanda cha pili.

Sasa huyu kaka. Otmari ndiye mtoto wa kwanza wa mama, mimi namfuata, na baada yangu hakuna mwingine aliyeishi. Ni miaka kumi na miwili sasa tangu aende Kanada, kwenye mji unaoitwa Winnipeg, kusoma kwa msaada wa wafadhili. Ilikuwa ile miaka neno "kupunguzwa" lilipokuwa likiingia nyumba hadi nyumba. Baba alikuwa amepunguzwa kazi, amekaa barazani na koti lake la kazini kama anayesubiri kuitwa tena, na safari ya Otmari ndiyo iliyomfanya aanze kucheka upya. Alikwenda kwa miaka minne. Miaka minne ikaisha, akasema anaongeza masomo kidogo. Baada ya hapo tukaacha kuuliza anasoma nini.

Baba alifariki miaka mitano iliyopita. Otmari alipiga simu, akalia mpaka simu ikakatika, akapiga tena, akalia tena. Hakuja. Tukamzika baba bila yeye.

Kwa ukoo wetu msiba hauishi siku ya kuzika. Unaisha siku mjane anapovuliwa kitambaa cheusi cha kichwani, na anayekivua ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Siku hiyo pombe ya ugimbi inapikwa, ndugu wananyoa nywele, mtoto wa kwanza anafungua fundo la kitambaa mbele ya watu, na tangu saa hiyo ameshika nafasi ya baba yake. Kikao cha ukoo hakianzi kabla hajafika. Akija mchumba nyumbani, anapelekwa kwake. Kwa kawaida mjane hukaa na kitambaa mwaka mmoja, wakati mwingine hata haufiki.

Mama amekivaa miaka mitano. Kimefuliwa mpaka weusi umekwisha, sasa ni kahawia.

Si kwamba watu hawakusema. Kila mwaka mahindi yakishaingia ndani, mashangazi walianza kunong'ona. Shangazi Koleta, dada mkubwa wa baba, yeye hata hakunong'ona. Alisema wazi kuwa ni dhambi kumwacha mwanamke mzima akae na msiba kichwani kwa sababu ya mtu anayekula kuku Ulaya. Kwa Shangazi, Kanada nayo ni Ulaya. Aliyekuwa akiwanyamazisha wote ni Baba Mdogo Siksto, mdogo wake baba, anayeusemea ukoo. Naye alikuwa na neno moja tu. Mtoto yuko mbali.

Neno hilo kwetu lina nguvu. Mtu wa mbali anasubiriwa. Imekuwa hivyo tangu enzi za manamba, wanaume walipokuwa wakitoka Songea kwa miguu kwenda kukata mkonge Tanga. Baba akifa na mtoto wa kwanza yuko mkongeni, mjane anakaa na kitambaa chake mpaka mtoto arudi, hata ikiwa miaka, na hakuna wa kuhoji. Lakini aliye karibu asipokuja, huyo hasubiriwi. Inahesabiwa amekataa. Nafasi yake anapewa anayefuata, na siku akija anakuja kama mgeni, anakaribishwa vizuri, anawekewa kiti.

Anayefuata ni mimi.

Mama naye ana namna yake ya kupima umbali. Kilomita hazimwambii kitu. Yeye anapima kwa kulala. Baba yake alikwenda hiyo Tanga, na mama amekua akisikia habari za mahali babu alipolala njiani, wapi walipewa uji, wapi walikesha kwa ajili ya simba, wapi mwenzao aliugua wakamngoja apone. Safari yenye kulala ni safari ambayo mtu anaweza kukwama, na aliyekwama halaumiwi. Kwa hiyo miaka yote hii, kila nikienda kumsalimia kwake Mshangano, ananiuliza kwanza kama Otmari amepiga simu, halafu anauliza kama vile hajawahi kuuliza, hivi huyo akitaka kuja analala wapi njiani.

Nilikuwa nikimjibu ovyo. Mama, ni mbali. Basi anatikisa kichwa, ameridhika, anaendelea na kazi yake. Sikujua kuwa jibu langu la uvivu ndilo lililokuwa limeshikilia kila kitu.

Ijumaa iliyopita stendi ilikuwa kimya, nikaja hapa hapa kafe kusoma barua pepe. Hazikuwepo za maana, na muda wangu ulikuwa bado haujaisha. Nikakumbuka swali la mama. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikitafuta umbali wa kutoka kwetu hadi Winnipeg. Ukatokea ukurasa unaopima viwanja vya ndege. Unaandika kiwanja unachotoka, unaandika unachokwenda, unapewa kilomita na muda wa kuruka angani.

Nilianza na Dar. Halafu nikasema ngoja niandike Songea, nikijua itakataa. Haikukataa. Kiwanja chetu cha Ruhuwiko, ambacho ndege ikitua watoto wa shule wanakimbilia madirishani, kilikuwemo, na herufi zake tatu kama viwanja vya wakubwa. Nilifurahi kijinga. Nikamgeukia hata jirani yangu wa kompyuta ya pili nikamwonyesha, mtu nisiyemjua, akasema hongereni.

Mstari mwekundu ukatoka kwetu, ukapanda juu ya Afrika yote, ukavuka bahari, ukashuka kwa kaka. Karibu kilomita elfu kumi na nne. Muda wa kuruka, masaa kumi na saba.

Nilirudi kibandani nikitabasamu. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikimfikiria Otmari kama mtu aliyeko upande wa pili wa mauti, na kumbe kuna idadi ya masaa kati yetu, idadi ninayoweza kuitamka kama ninavyotamka ya Dar. Nilijiona nimemkaribia. Hilo nalisema bila aibu, nilifurahi kwa ajili yangu mwenyewe.

Jumapili baada ya misa nikaenda Mshangano. Mama na Shangazi Koleta walikuwa uani wanapukuchua mahindi. Nikawaamkia, nikavuta kigoda, nikachukua hindi. Tukaongea ya mbolea, ya padre aliyehubiri mpaka watoto wakalala. Mama akauliza kama Otmari amepiga. Nikasema bado. Akauliza, akitaka kuja analala wapi njiani.

Na mdomo wangu wa stendi ukajibu.

"Halali popote, Mama. Nimeangalia kwenye kompyuta. Ni masaa kumi na saba tu."

Hiyo "tu" inanichoma mpaka sasa.

Mama akaacha kupukuchua. Akauliza masaa kumi na saba ni kama nini. Mimi nikadhani namfundisha. Nikamwambia ni kama apande basi letu alfajiri hadi Dar, halafu arudi nyuma mpaka Chalinze. Nilifurahia hata mfano wenyewe. Na mama Dar anaijua. Alipelekwa mara moja kutibiwa macho, akaondoka giza akafika giza, amekaa nyuma ya dereva, anakula karanga za kuchemsha na kuuliza majina ya milima. Safari hiyo huisimulia kama matembezi.

"Kumbe," akasema.

Nikaendelea na hindi langu. Shangazi Koleta aliniangalia. Mwanamke huyu ndiye aliyepigana miaka mitano kitambaa kivuliwe, na nilikuwa nimemkabidhi ushindi mkononi, lakini sikuona furaha usoni kwake hata kidogo. Aliniangalia kama mtu anayetaka kuniziba mdomo na amechelewa.

"Kumbe si mbali," mama akasema tena, polepole.

Hapo ndipo nikaelewa.

Nikaanza kueleza. Nikasema ile kompyuta imepiga mstari wa moja kwa moja, na ndege ya kuufuata mstari huo haipo. Hakuna ndege inayoinuka Ruhuwiko ikashuka Winnipeg. Mtu anayetoka kule anapanda moja, anashushwa, anapanda nyingine, analala kwenye viti vya kiwanja huko Ulaya akisubiri ya tatu, anafika Dar amevimba miguu, analala Dar, ndipo apande basi. Nilipokuwa nikisema hivyo nikaona kuwa jibu sahihi la swali la mama lilikuwepo siku zote. Analala Ulaya, analala Dar, halafu ndiyo nyumbani. Aliuliza kulala, nikampa masaa. Tena masaa ya safari ambayo hakuna binadamu anayeweza kuisafiri.

Lakini nilikuwa nimeshasema, na kila nilichoongeza kilisikika kama maneno yangu ya stendi basi likiharibika Makambako. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akachukua hindi lingine.

Jumatatu Baba Mdogo Siksto akaja kibandani kwangu. Hakuwahi kuja stendi bila safari. Alisimama pembeni mpaka abiria wakaisha, ndipo akasema mama amemwita, na ameamua kitambaa kivuliwe Jumamosi hii. Mtama wa ugimbi umeshalowekwa. Baba Mdogo alimkumbusha habari za Otmari, na mama akamjibu kuwa Otmari hakuja na kumbe si mbali.

Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ya mstari, ya ndege ya kwanza na ya pili na ya tatu. Akasikiliza. Ni mtu mzima, amevaa kofia yake ya sufu mpaka masikioni, na nilimwona akitafuta mahali pa kusimama katika maelezo yangu asipate. Miaka mitano amemkinga kaka yangu kwa neno moja, na mimi nimemnyang'anya neno hilo. Akasema basi nijiandae, mikono itakayofungua ni yangu.

Niandike na hili, maana nikiliacha ukurasa huu utakuwa wa uongo. Sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi. Mimi ndiye ninayempeleka mama hospitali, mimi ndiye ninayeezeka jikoni kwake, mimi ndiye ninayejua dawa ipi inampa kizunguzungu. Kwenye vikao vya ukoo nakaa nyuma na sufuria, na jina linalotajwa ni la mtu aliyeko kwenye simu. Aliposema mikono ni yangu, kitu kilinyooka mgongoni mwangu. Kilinyooka kwa muda mfupi tu, kisha nikamkumbuka Otmari akinibeba mabegani kuvuka mto Ruvuma, tulipokuwa tunakwenda shamba, akiniambia nisiangalie chini. Nikaona haya mbele ya abiria.

Jana jioni nikampigia. Huko ilikuwa bado mchana. Alipokea nyuma yake kukiwa na kelele za mashine, akaniomba asogee, nikasikia mlango, halafu kimya cha nje. Nikamweleza yote kwa mpangilio, kitambaa, Jumamosi, nafasi yake. Nikamwambia akipanda ndege leo anawahi.

Aliniuliza kama niko peke yangu, nikasema ndiyo.

Ndipo akaniambia alichokuwa hajamwambia mtu wa huku kwetu. Masomo hakuyamaliza. Mwaka wa tatu alishindwa, akaona aibu kusema, akaanza kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala ili ajipange arudi darasani. Hakurudi. Kibali chake cha kuishi kule kilikwisha zamani. Akitoka haruhusiwi kuingia tena, na hapa nyumbani anarudi na nini mkononi, miaka kumi na miwili, mtoto wa kwanza. Alisema kila mwaka alijiambia mwakani. Baba alipokufa alikwenda mpaka kiwanja cha ndege cha huko, bila tiketi, akakaa kwenye viti na wanaosubiri kuitwa. Akasikia miji inatajwa mmoja baada ya mwingine mpaka watu wakaisha, kisha akarudi kwake kwa miguu.

Nilikasirika. Nilimwambia mama amevaa nguo ya msiba kwa ajili ya mtu anayeona aibu. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika.

"Mwambie mama kompyuta imekosea," akasema. "Mwambie ni mbali, Oliva."

Kaka yangu hajawahi kuniomba kitu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshika mlango kwa mikono miwili.

Asubuhi hii nilikwenda Mshangano kusema uongo. Niliupanga njiani, ndani ya ukungu, nikipishana na watu nisiowaona nyuso, tukisalimiana kwa sauti tu. Ningemwambia nimerudi kwenye kompyuta, ule ukurasa ni wa watu wa mchezo, safari yenyewe ni ya siku nyingi na watu wanakwama. Baba Mdogo angerudishiwa neno lake. Ugimbi ungenyweka tu kwa ajili ya mavuno.

Nilimkuta mama peke yake jikoni. Kwa kuwa jua halikuwepo, alikuwa ametandaza kimea kwenye mkeka karibu na moto, anakigeuza kwa kiganja. Shikamoo Mama. Marahaba mwanangu, mbona kazini hujaenda. Nikakaa. Nikaanza, Mama, ile kompyuta. Nikakwama hapo. Alikuwa ameinama, na nikaliona fundo la kitambaa kisogoni kwake, dogo, limekazwa vizuri. Analifunga mwenyewe kila asubuhi bila kioo, na ameshalifunga asubuhi nyingi mno. Nikashindwa kumwongezea hata moja kwa uongo wangu.

Nikamwambia kweli yote. Ya masomo, ya ghala, ya kile kiwanja alichokwenda akarudi. Lililonisumbua ni kibali, sikujua nimwelezeje mtu ambaye hajawahi kuombwa karatasi. Mwishowe nikatumia neno la babu. Nikasema, "Kipande chake kimekwisha, Mama."

Akaelewa papo hapo. Manamba wote walikuwa na vipande, zile kadi za kazi walizojaziwa siku. Mama amekua akisikia habari za waliokimbia mkonge kabla kipande hakijajaa, waliojificha kwenye vijiji vya watu, wakaoa huko, wakafa huko, na nyumbani hawakujua pa kuwatafuta.

Akaniuliza kama anakula. Nikasema anakula. Akauliza kama kuna wanaomkimbiza. Nikasema hapana, ila anaishi kwa kuogopa. Akageuza kimea chake upande wote wa pili wa mkeka kabla hajasema kitu.

"Basi yuko mbali," akasema.

Nikashusha pumzi. Nikamwambia, basi tunasubiri, naenda kumwambia Baba Mdogo leo hii. Nilishaanza hata kuinuka.

Mama akatikisa kichwa. Jumamosi iko pale pale, alisema. Akanieleza taratibu, kama anavyonieleza mambo ya jikoni. Kitambaa hiki kinamwita Otmari. Kila akilala huko anajua mama yake yuko kwenye nyeusi kwa sababu yake. Ipo siku kitamzidi, atapanda hiyo ndege, afungiwe mlango nyuma, afike hapa mikono mitupu mbele ya Koleta na wenzake, na maisha yake yameisha kwa ajili ya kufungua fundo. Alisema alishampoteza mume. Mtoto hataki kumpoteza kwa kitambaa.

"Mwambie asije," akasema. "Mwambie mama ameshavuliwa, hakuna anayemngoja."

Halafu akaniambia maji yamekwisha kwenye ndoo. Nikaenda kuchota. Niliporudi alikuwa amekaa mlangoni na mgongo wake kwangu, anatazama njia, na hapo nje hapakuwa na kitu ila ukungu. Nikatua ndoo polepole nisimshtue. Nikalia nyuma ya jiko mpaka nikaona inatosha.

Nimetembea kutoka kule mpaka hapa kafe, na nimekaa saa nzima kabla sijaandika neno la kwanza.

Jumamosi nitalifungua lile fundo. Natumaini halitanishinda mbele ya watu. Mama atanyolewa, atavaa kanga ya rangi, Shangazi Koleta atapiga vigelegele na nadhani atalia vile vile. Nitakaa kiti cha mbele. Kuanzia siku hiyo Otmari hana deni na ukoo, hana kosa, hana aibu ya kujibu, na hapa kwetu hana mahali. Mama amemsamehe, na huko kusamehewa ndiko kunakomtoa nyumbani. Nitaanzaje kumwambia? Nianze na lipi?

Simu iko hapa mezani, ina chaji. Huko kwake sasa ni asubuhi, bado hajaingia kazini. Huu ndio wakati mzuri wa kumpata.

Nitapiga kesho. Leo acha alale mara moja zaidi akiwa mtu anayesubiriwa.